Sanamu Iliyogeuza Uso

Picha ilikuwa ndani ya pipa la taka, imechanwa vipande vinne na kufunikwa na maganda ya machungwa. Askari waliopekua chumba kile mara ya kwanza walikuwa wamemwaga kila droo sakafuni, wakapindua godoro, wakagonga kuta kusikiliza kama zina uwazi. Pipa hawakuligusa. Labda walichoka, labda walichelea kuchafua mikono. Inspekta hakuwa na tabia ya kuwasema wenzake, lakini alipoliinamisha pipa juu ya gazeti alimtupia Koplo jicho, na Koplo akaanza kuikagua dari.

"Mimi siku ile sikuwamo, Afande."

"Sijakuuliza."

Chumba kilikuwa cha mpigapicha ambaye mjini anajulikana kwa jina la Jicho. Mwenyewe alikuwa mahabusu, na kesho yake asubuhi alitakiwa kupandishwa kizimbani kwa shitaka la kumuua mwanamke ambaye hata maiti yake haijaonekana. Mkuu wa kituo alishaamua. Alichotaka kwa Inspekta ni kumalizia faili, kama fundi anayepelekewa nguo iliyokwisha kushonwa aitie pasi tu. Inspekta alikuwa mwanamke wa makamo aliyevaa miwani ya kamba na viatu bapa, na kitu asichokipenda duniani ni kutia pasi nguo ya mtu mwingine.

Mwanamke aliyepotea walimwita Sanamu. Chini ya ghala moja kuukuu la samani kuna ukumbi usio na kibao wala taa ya nje, na wanaoujua huuita Chini. Humo usiku hukusanyika watu wa kila namna. Kuna anayekula gazeti zima mbele ya watazamaji, ukurasa baada ya ukurasa. Kuna anayefua shati moja mpaka lichanike, na wengine wanaocheza dansi bila muziki. Sanamu alikuwa akipakwa udongo mweupe kutoka utosini hadi nyayoni, anafungwa shuka, kisha anasimama kando ya kiti kitupu. Basi. Anasimama bila kusogea mpaka mtazamaji wa mwisho aondoke.

"Na watu wanalipa kiingilio?" Koplo alikuwa ameuliza siku ya kwanza. "Kumwona mtu amesimama? Mimi nasimama pale getini kutwa nzima, hata chai sikaribishwi."

Usiku wa mwisho Sanamu alionekana na ukumbi mzima akiwa amesimama palepale. Watu walipotoka, Jicho alibaki naye ampige picha, kama ilivyokuwa desturi yao. Tangu hapo hakuna aliyemwona tena. Nguo na viatu vyake vilikutwa uvunguni mwa kitanda cha Jicho, vimefungwa kwenye karatasi safi. Kwa mkuu wa kituo, kesi ilikuwa imeiva.

Inspekta aliviunganisha vile vipande vya picha juu ya meza. Ukutani zilining'inia nyingine nyingi, zimebanwa kwa vibanio vya nguo. Katika zote, watazamaji walikuwa moshi tu, bega hapa, mkono pale, na katikati yao Sanamu amesimama wazi kabisa, unaweza kumhesabu kope.

"Hawa watu wamefanywa nini?" Koplo aliuliza. "Mbona kama mizuka?"

"Taa ya kamera imepigwa marufuku kule Chini, inawaharibia wasanii. Kwa hiyo Jicho huiacha kamera wazi kwa muda mrefu ili ikusanye mwanga mdogo uliopo. Anayejongea anafutika. Anayetulia anabaki. Sasa itazame hii iliyotupwa. Kiti kimetulia?"

"Kiti kitakwenda wapi, Afande?"

"Na ule msumari wa ukutani?"

"Umetulia."

"Vidole vyake? Mikunjo ya shuka?"

"Vimetulia vyote." Koplo aliinama zaidi, akaacha masihara. "Uso ndio sio. Kama una nyuso mbili. Mmoja unatazama ukuta, mwingine unatutazama sisi."

Inspekta alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha alivitia vile vipande kwenye bahasha na kumwambia Koplo awashe gari.

Kituoni, kaka yake Sanamu alikuwa ameketi mapokezi na chupa yake ya chai, kama kila siku. Alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa, mtu wa heshima zake, sauti ya upole, mikono iliyozoea kupima kwa pima na dhiraa. Ndiye aliyetoa taarifa ya kupotea, na ndiye aliyemkumbusha mkuu wa kituo kila asubuhi kwamba damu ya mtu haipotei bure.

"Afande, kesho tutamwona kizimbani?"

"Kesho haijafika, kaka yangu. Nikumbushe kitu. Ulijuaje kwamba dada yako hakutoka pale ukumbini na watu wengine?"

"Nilimweka mtu wangu mlangoni tangu jua halijazama. Hakutoka. Aliyetoka mapema ni yule rafiki yake anayempaka udongo, na koti lake la bluu na ndoo yake kichwani. Wakatoka watazamaji. Dada yangu hakuonekana mpaka mtu wangu alipochoka akaondoka."

"Na kwa nini umweke mtu amlinde mwanamke mzima?"

Upole ulimpungua kidogo. "Alikuwa aolewe, Afande. Wageni nimeshawapokea, neno langu nimeshalitoa. Ningemwacha aendelee kusimama uchi wa shuka mbele ya walevi? Siku ile nilikuwa nimrudishe nyumbani, apende asipende."

"Apende asipende," Inspekta alirudia, akaenda zake.

Kwa muda wa kuvuka ukumbi wa kituo alimshuku yule kaka kwa moyo wake wote, na alitamani awe yeye. Lakini aliyekuwa na dada mkononi hana haja ya kushinda kituoni akimtafuta. Chuki ni jambo moja, ushahidi ni jambo jingine.

Jicho aliletwa kwenye chumba cha mahojiano bila mkanda wala kamba za viatu, suruali ameishika kwa mkono. Alikuwa mrefu, mwenye ndevu zisizo na mpango. Alipoona vipande vya picha juu ya meza alikwenda kuvifunika kwa kiganja.

"Hiyo ni mbovu. Sikutaka mtu aione."

"Mbovu kwa nini?"

"Nilitikisika."

"Mpigapicha wa miaka yote hiyo, utikisike?"

"Utanicheka, Afande."

"Hii kazi haikunipa nafasi ya kucheka. Sema."

Aliketi. "Alinitazama," alisema. "Miaka yote anatazama ukuta. Hata tukibaki wawili, anatazama ukuta. Nikimaliza anaoga kuutoa udongo wake, anavaa, ananiambia kwaheri, kaka, anakwenda zake. Mimi nabaki na picha. Unajua kumpenda mtu ambaye kazi yake ni kutokukuona? Usiku ule akageuka, polepole. Akaniangalia kama mtu anayeaga na hataki kuondoka. Mkinifunga, nifungeni. Nilichokuwa nakitaka nilikipata."

Koplo aliyekuwa mlangoni alijikohoza akatazama viatu vyake.

"Kamera ulikuwa umeishika mkononi?" Inspekta aliuliza.

"Iko kwenye stendi ya miguu mitatu. Mkononi nina waya tu, naubonyeza."

"Basi ulipotetemeka ulitetemesha waya. Kama ni kamera iliyotikisika, kiti nacho kingetikisika. Na msumari. Na vidole."

Jicho aliitazama picha yake kana kwamba imepigwa na mtu mwingine. "Kiti sikukiangalia," alisema mwishowe. "Nilipoona uso umeharibika, nilijilaani, nikachana."

"Sanamu aliwahi kusogea hata mara moja? Kupiga chafya, kuyumba?"

"Hata siku moja. Mlevi fulani alimzimia sigara mguuni mpaka nyama ikaungua. Nina picha ya wakati uleule. Hakusogea ukucha."

"Mguu upi?"

"Wa kushoto, juu ya kifundo."

"Na baada ya kukutazama alikuambia nini?"

"Hasemi mpaka aoge, hiyo ni desturi yake. Lakini siku ile hakuoga. Nimeinama natoa filamu, nikasikia mlango. Alitoka vilevile na udongo wake. Nguo zikabaki kwenye msumari, nikazichukua nimtunzie."

"Ukazificha uvunguni."

"Nikazitunza uvunguni," alisema Jicho.

Inspekta alivikusanya vile vipande bila kumwambia alichokiona. Siri ya mtungi aijuaye kata, na aliyemjua Sanamu kila upande wa ngozi ni yule aliyekuwa akimpaka.

Walimwita Udongo. Mchana alifanya kazi kwenye chumba cha nyuma cha zahanati ya meno, akitengeneza meno ya bandia. Inspekta alimkuta amevaa aproni, mikono myeupe kwa plasta hadi viwikoni, na pembeni yake rafu nzima ya taya za watu mbalimbali zikikauka.

"Karibu, Afande. Usiwaogope hawa, wanacheka tu."

"Nimeona. Wewe je, unacheka?"

"Nikipata sababu."

Alikuwa na kimo cha Sanamu, mabega ya Sanamu, shingo ndefu vilevile. Mtu angeweza kukaa naye mwaka asiligundue hilo, kwa sababu Udongo alikuwa mwingi wa maneno na mikono isiyotulia. Hata sasa alikuwa akisugua taya moja kwa brashi.

"Ulituambia uliondoka mapema usiku ule."

"Ndiyo. Nikishampaka sina kazi tena."

"Na koti lako la bluu, na ndoo yako kichwani."

"Kama kawaida yangu."

Inspekta alinyoosha kidole kwenye pembe ya chumba. Ndoo iliyokuwa pale bado ilikuwa na karatasi ya dukani ubavuni. "Ile ya zamani imekwenda wapi?"

"Ilitoboka."

"Na koti lilitoboka pia? Asubuhi ulipita kituoni umejifunika kanga, na baridi ile."

Brashi ilisimama. Inspekta alivipanga vile vipande juu ya meza, kimoja baada ya kingine, kati ya taya na bakuli la plasta. Udongo aliutazama ule uso wenye nyuso mbili. Alijitambua mara moja, na hilo Inspekta aliliona.

"Sanamu alitoka amevaa koti lako, na ndoo yako kichwani ikimficha uso," Inspekta alisema. "Mtu wa kaka yake akamwona akapita. Wewe ukasimama badala yake, na ukumbi mzima ukadanganyika. Kazi nzuri. Ila ulisogea."

"Nilijitahidi." Sauti ilikuwa imeshuka. "Watu wote wale, sikusogea. Miguu inawaka moto, sikusogea. Halafu wakaondoka, tukabaki mimi na yeye."

"Ukageuka."

"Afande, mimi nampelekea chai yule mtu kila wiki. Ananiambia weka hapo. Hajawahi kuinua kichwa. Usiku ule alikuwa ananitazama mimi, kwa saa nzima, kama anavyomtazama yeye. Nilisema moyoni, nimtazame mara moja tu, nijue kunakuwaje. Basi. Mara moja."

"Na yuko ndani kwa ajili yako."

"Sanamu aliniapisha!" Alisimama, machozi yakachora mistari kwenye vumbi jeupe la mashavu. "Kaka yake aliwahi kumfungia chumbani mwezi mzima. Kusema kwa polisi ni kusema kwa kaka, anashinda pale na chai yake. Aliniambia nisifungue mdomo mpaka afike, apate mahali, anipigie."

"Amepiga?"

Udongo alijifuta mashavu kwa aproni. "Jana jioni."

"Jana jioni. Leo saa hizi bado unasugua meno."

"Asubuhi pale kituoni nilimsikia akiwaambia mahabusu wenzake. Kwamba alitazamwa, kwamba hata afungwe ameridhika. Nikija kusema ukweli ninamtoa gerezani, lakini ninamnyang'anya kile. Nikajipa siku moja tu. Kesho nisingemwacha apande kizimbani, naapa."

Inspekta aliwahi kuwahoji wezi, wauaji na wakwe. Sababu kama hii hakuwahi kupewa. "Nipigie hiyo namba," alisema.

Sauti iliyopokea ilikuwa ya utulivu, na nyuma yake watoto wa mtu walikuwa wakigombania kitu. Inspekta alijitambulisha, akamwuliza kovu la sigara liko mguu gani.

"Kushoto, juu ya kifundo. Alikuambia yeye?"

"Yeye. Dada, yuko mahabusu kwa shitaka la kukuua."

 Maneno yalimwagika: hakujua, angepiga siku ileile kama angejua, Udongo hakumwambia, atasema lolote atakalotakiwa kusema mbele ya askari yeyote, ila si mbele ya kaka yake. Inspekta alimwelekeza aende kituo cha polisi cha mji alipo, atoe maelezo, akamwambia kwamba mwanamke mzima ana haki ya kuhama bila kuomba ruhusa ya mtu. Alidhani mazungumzo yameisha.

"Afande. Aligundua?"

"Aligundua nini?"

"Kwamba si mimi." Watoto kule nyuma walinyamazishwa. "Sikumuaga. Angenibembeleza nibaki, nami ningebaki, kaka angenikamata. Lakini nilijiambia, akigundua si mimi, hata chini ya udongo, basi huyo ni mtu wa kurudiwa. Ningerudi, Afande. Kaka asingenizuia."

Inspekta alimtazama Udongo, aliyekuwa akiisikia kila herufi.

"Hapana," alisema. "Hakugundua."

"Haya," ilisema sauti ile. "Vizuri." Haikuwa sauti ya vizuri. Simu ikakatika.

Mambo ya ofisini yalikwenda harakaharaka baada ya hapo. Udongo aliandikisha maelezo yake, akatia sahihi. Kituo cha mji ule wa mbali kilithibitisha kwamba mwanamke yuko mbele yao, mzima wa afya. Mkuu wa kituo alilalamika kwamba karani wa mahakama ameshasumbuliwa bure, kisha akasema mtu aachiwe. Yule kaka alipoambiwa dada yake yu hai, hakumshukuru Mungu kwanza. Aliuliza, "Yuko wapi?"

"Hataki kuonana nawe."

"Nimeuliza yuko wapi."

"Hilo halimo kwenye faili," Inspekta alimjibu. "Na chupa yako usiisahau."

Jicho aliambiwa na Inspekta mwenyewe. Alimweleza yote wakiwa wamesimama, kwa maneno machache, kwa sababu jambo la namna ile halina njia nzuri ya kulisema. Jicho alisikiliza mpaka mwisho. Koplo alifungua mlango wa mahabusu akausukuma hadi ukutani. Jicho hakutoka.

"Kaka, uko huru," Koplo alimwambia.

"Nimesikia."

"Basi toka, mwenzio nataka kufunga."

Alitoka. Kaunta walimrudishia mkanda, kamba za viatu na kamera. Mkanda aliuvaa, kamera hakuigusa. Kwenye benchi la mapokezi Udongo alikuwa amekaa anamsubiri. Alikuwa amenawa mikono, amenawa uso, amejisuka vizuri. Alisimama. Safari hii hakukuwa na udongo wala shuka.

Jicho alimkaribia akamtazama kwa muda mrefu. Alimtazama paji la uso, shingo, mabega, kama mtu anayetafuta alama kwenye nyumba aliyowahi kuishi. Udongo alitulia kabisa. Hakupepesa.

"Kwa hiyo ulikuwa wewe," Jicho alisema.

"Nilikuwa mimi."

"Pole kwa kusimama muda wote ule."

"Si kitu."

Aligeuka kuchukua kamera yake juu ya kaunta, akaivaa begani, akarudi tena mbele yake. Midomo ya Udongo ilikuwa imefunguka kidogo, kama mtu aliyekwisha kuandaa jibu la swali analolisubiri.

"Alikuambia anakwenda wapi?" Jicho aliuliza.

Inspekta alikuwa nyuma ya kaunta na faili mkononi. Jina la mji lilikuwa kwenye ukurasa wa juu, kwa mwandiko wa Udongo mwenyewe.

"Hakuniambia," Udongo alisema.

Jicho aliitikia kwa kichwa, akatoka uwanjani, akashika njia. Udongo alimgeukia Inspekta akangoja. Inspekta alilifunga faili, akalitia kwenye kabati, akazungusha ufunguo.